Kiltegan ya Babu Yako

Baltinglass, Kaunti ya Wicklow, Ireland
Jumapili, saa kumi na moja jioni, na giza limeshaingia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilifika Jumatano. Bahasha ilikuwa imelowa hadi stempu ikabanduka, lakini karatasi ndani ilikuwa kavu. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika kidogo, ya tatu nikatafuta kalamu. Kwa kuwa hapo bwenini hamruhusiwi simu, vumilia mwandiko wa mama yako.

Unasema uliwaambia wenzako kwamba mama anakaa Ireland karibu na kasri, mkaingia maabara ya kompyuta, mkaitafuta Kiltegan kwenye ramani, mkaona barabara, kanisa, ua wa miti na kondoo. Tangu siku hiyo wanakuita Mwana wa Mfalme wa Kondoo. Halafu unaniuliza, kwa ile tabia yako ya kuuma na kupuliza: "Mama, mbona wengine wako Dublin?"

Wenzako hawakuona vibaya. Ndivyo palivyo. Kiltegan ni njia panda, makanisa mawili, la Kikatoliki na la Kianglikana, na nyumba za mawe zenye maua madirishani. Kama matatu ingekuwa inapita pale, makanga asingemaliza kuita jina la stejini kabla kijiji hakijaisha. Mwaka 1973 kilishinda shindano la taifa la usafi wa miji na vijiji, na ukitembea pale utadhani majaji bado wanategemewa kurudi kesho. Mimi mwenyewe silali Kiltegan. Nimepanga chumba hapa Baltinglass, mji mdogo ulio dakika kama kumi kwa gari, na napita Kiltegan karibu kila siku nikienda kuwahudumia wazee majumbani mwao.

Lakini wewe hujui siku ya kwanza nilipokiona kile kibao cha barabarani, KILTEGAN, na chini yake jina la Kigaeli, Cill Téagáin, yaani kanisa la Tegan. Niliegesha gari kando, nikawasha zile taa za tahadhari, nikakaa. Gari la nyuma likasimama pia. Mzee mmoja akashuka akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia la, nimefika tu. Akaniangalia, akaangalia kibao, akasema basi karibu, akaenda zake.

Nyumbani kwetu Lodwar, kule Turkana, nilipokuwa mtoto, Kiltegan halikuwa jina la kijiji. Kulikuwa na padre wa Kiltegan, lori la Kiltegan, saruji ya Kiltegan, dawa za Kiltegan. Babu yako alianza kama tanboi wa lori la misheni, baadaye akakabidhiwa usukani, akawa anapandisha na kushusha ile barabara ya Kitale, Kainuk, Lokichar, Lodwar, enzi ambazo mto ukifurika mnalala ukingoni siku mbili mkingoja maji yapungue. Alikuwa akirudi, anakung'uta vumbi, anasema, "Mzigo huu umetoka Kiltegan." Mimi nikajua kwamba Kiltegan ni kubwa kuliko Nairobi. Ingekuwaje ndogo na vitu vyote vinatoka huko?

Historia yenyewe ni fupi. Tarehe 17 Machi 1932, siku ya Mtakatifu Patrick, mapadre wachache wa Ireland walianzisha shirika la kimisionari wakalipa jina la mtakatifu huyo. Makao yao yako High Park, nje kidogo ya kijiji, na kwa sababu hiyo dunia nzima ikawaita mapadre wa Kiltegan. Walianzia Nigeria. Kenya waliingia miaka ya 1950, wakafanya kazi Eldoret na Kitui. Turkana ilikuwa bado wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali cha serikali ya kikoloni. Walifika 1961, njaa ilipokuwa imewabana watu wetu kando ya ziwa. Lodwar ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1978, askofu wa kwanza, John Mahon, alikuwa mmoja wao. Hayo unaweza kuwaambia wenzako kwenye maabara, maana ramani haikuwaonyesha.

Sasa nikueleze habari ya kopo.

Nina nyanya mmoja wa miaka 91 ninayemhudumia asubuhi, juu huko upande wa Rathdangan. Barabara ya kwake ni nyembamba, katikati imeota nyasi, na ukikutana na trekta mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume hadi kwenye lango la shamba. Watu wa huku wakipishana na gari huinua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu yao. Wiki ya kwanza sikuelewa, nikadhani wananionya. Sasa na mimi nainua.

Siku ya kwanza namwosha miguu, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Kwa kawaida hapo huja swali la simba. Yeye akanyamaza kidogo, akasema, "Kenya upande gani? Turkana?" Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema tena, "Lodwar?" na akalitamka vizuri, mwanangu, kuliko watu wa Nairobi. Akanionyesha juu ya meko. Pale, kati ya saa na picha ya harusi ya mwanawe, kuna kopo la bati lenye tundu la kutumbukiza sarafu, rangi imechubuka hadi bati lenyewe linaonekana. Alikuwa akiuza mayai Jumamosi, na sehemu ya hela ya mayai ilikuwa inaingia humo. Akakumbuka mwaka mmoja walichangishwa kanisani kwa ajili ya lori la Turkana. Akaniuliza, uso umekaza kweli kweli, kama mtu anayefuatilia deni, "Lile lori lilifika?"

Nikamwambia lilifika. Sijui kama ni lile la babu yako, malori yalikuwa zaidi ya moja. Lakini nilimwambia baba yangu ndiye aliyekuwa dereva. Alinishika mkono wenye sabuni, hakusema kitu. Kisha akaniambia maji yanapoa.

Tangu hapo hanipi nafasi ya kukataa chai. Huku chai hukataliwa mara ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa adabu zaidi, na ya tatu unakunywa. Ni nzito, ya maziwa, inakaribia ya kwetu. Tangawizi tu ndiyo haipo.

Haya, makasri. Najua ndiyo unayoyangoja.

Kwa Kiingereza majengo haya yote huitwa kwa neno moja, castle, lakini sisi tuna mawili, na huku nimeona faida yake. Ngome ni ya kujikinga, kama Fort Jesus. Kasri ni ya kujionyesha. Hapa ninazo zote mbili, moja kila upande wa njia yangu ya kazi.

Kasri ni Humewood. Lango lake liko pale pale Kiltegan. Utaona ukuta wa mawe na miti mikubwa, na ukibahatika, minara kwa mbali, ya mawe ya matale, imechongoka kama iliyochorwa na mtoto mwenye homa. Wenzako wakikuambia haipo, waambie imejificha nyuma ya miti. Ilijengwa kuanzia 1867 hadi 1870, na aliyeijenga ni Hume Dick, mbunge tajiri aliyetaka nyumba ya kuja kupumzika na kuwinda. Alimwambia msanifu, William White kutoka Uingereza, kwamba gharama isizidi pauni 15,000. Msanifu akaitikia. Ila kontrakta hakuambiwa kuhusu kikomo hicho, naye akawa anajenga tu kila anachoagizwa: ongeza mnara, ongeza ghala, ongeza ukuta. Hesabu ilipokuja, ilikuwa karibu pauni 25,000. Tajiri akagoma kulipa, wakaenda mahakamani London, na mwaka 1871 kontrakta akashinda. Msanifu hakupona jina lake baada ya hapo. Mjomba wako akianza tena kulalamika kuhusu fundi aliyemjengea Kitale, msomee aya hii. Leo kasri ni la bilionea wa Kimarekani, John Malone, aliyetajirika kwa televisheni za kebo. Hatuingii. Mimi nimefika langoni tu, nikapiga picha na mbwa wa mtu.

Ngome ni Clonmore, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Carlow, karibu na Hacketstown. Hii imesimama tangu karne ya 13, enzi za Wanormani waliovuka bahari kuja kutawala. Imebaki kuta nene, mabaki ya minara kwenye pembe, madirisha yasiyo na kitu nyuma yake isipokuwa mbingu. Mmea wa kutambaa umepanda hadi juu, na kunguru wamefanya makao. Hakuna tikiti wala askari wa mlangoni. Ng'ombe wanalisha jirani. Nilisimama pale siku moja baada ya zamu, mvua ikiwa nyepesi ile ya kama vumbi, nikaweka kiganja ukutani. Baridi yake si ya leo. Nilikumbuka nguzo za mawe za kale za Namoratunga kule Turkana, pale babu alipotusimamisha njiani tukiwa watoto, akatuambia tusiguse. Hapa hakuna wa kuniambia nisiguse.

Na kama wenzako wanataka vita, waambie vilikuwepo. Mwaka 1798 Waayalandi waliinuka dhidi ya utawala wa Waingereza, na milima hii ilikuwa kwao kama Aberdare kwa Mau Mau. Hacketstown ilipiganiwa mara mbili mwaka huo, Mei na Juni. Uasi uliposhindwa, kijana wa hapa aliyeitwa Michael Dwyer alikataa kusalimu amri, akakaa msituni na wenzake miaka mitano. Februari 1799 wanajeshi waliizingira nyumba aliyolala, huko Derrynamuck, nyumba ya kuezekwa kwa nyasi, yenye kuta za mawe. Moto ukashika paa. Mwenzake, Samuel McAllister, alikuwa amejeruhiwa mkono. Akasimama mlangoni makusudi, askari wakammiminia risasi zote kwa pamoja, na kabla hawajashindilia baruti nyingine, Dwyer akatoka mbio peku kwenye theluji. Nyumba ile imejengwa upya, ni jumba la kumbukumbu. McAllister amesimamishiwa sanamu hapa Baltinglass, barabarani kabisa. Napita chini yake nikienda kununua mkate.

Kinachonifurahisha zaidi ni kilichofuata. Serikali ilikata barabara kupita katikati ya milima ili imkamate Dwyer na wenzake. Kazi ilianza 1800 ikaisha 1809. Dwyer mwenyewe alijisalimisha Desemba 1803, kwa Kapteni Hume, wa familia hiyo hiyo ya Humewood, ingawa kasri la sasa lilikuwa halijajengwa. Kwa hiyo barabara ilikamilika miaka sita baada ya mwizi kushikwa. Unaijua serikali ya namna hiyo? Na Dwyer, waliyemfunga kisha wakamsafirisha Australia, aliishia kuwa askari polisi huko.

Hapa Baltinglass kuna abasia, yaani nyumba ya watawa, ya mwaka 1148, kando ya mto Slaney, matao yake yamebaki bila paa. Aliyeianzisha ni mfalme Diarmait Mac Murchada, ambaye baadaye, alipofukuzwa kwenye kiti chake, alikwenda kuwaita Wanormani wamsaidie kukirudisha. Walikuja, wakasaidia, hawakuondoka. Watu wa hapa bado wanamtaja kwa kukunja uso, utadhani ni diwani wa uchaguzi uliopita.

Na wanajua kugoma. Mwaka 1950 waziri mmoja alimnyang'anya kazi ya posta mama aliyeitwa Helen Cooke, ambaye familia yake ilikuwa imeshika posta ya Baltinglass kwa miongo mingi, akampa mfuasi wa chama chake. Mji ukagawanyika na kuandamana, magazeti ya nje yakaja, wenye maduka wakakataa huduma ya posta. Mwishowe yule aliyeteuliwa akajiuzulu, mama akarudishiwa. Nilisimuliwa haya na mzee mwingine ninayemhudumia, na ingawa alikuwa mtoto wakati huo, hadi leo anajua duka gani lilikuwa upande gani.

Mlima wetu mkubwa huku ni Lugnaquilla, mita 925. Usimwambie babu yako, atacheka hadi akohoe. Elgon ni 4,321.

Sasa swali lako la Dublin. Wenzangu walioko Dublin wanalipa kodi ya chumba inayokula nusu ya mshahara na zaidi, wanapanda mabasi mawili kwenda kazini. Mimi wakala aliyetuleta ndiye aliyenipangia huku, sikuchagua, na miezi ya kwanza nililia, kwa sababu saa kumi jioni mwezi wa Desemba ni usiku, na huoni mtu mweusi mwenzako hadi siku ya soko. Nilikuwa nimeshaandika ombi la kuhamishwa. Liko bado kwenye droo. Sikulipeleka wiki ile ya kopo, na wiki iliyofuata nikawa na shughuli.

Halafu kuna ahadi niliyompa babu yako, na hapa ndipo nahitaji msaada wako.

Unakumbuka siku ninaondoka, babu alinivuta kando pale kwenye mwarobaini? Wewe ulidhani ananipa baraka. Alikuwa ananituma. Aliniambia nikifika Kiltegan nimtafute yule padre aliyemfundisha kuendesha lori, na kama amekufa, nisimame kaburini kwake nimsalimie kwa jina lake. Jina analolijua babu ni lile la Kiturkana walilompa wazee, lenye maana ya mvua, kwa sababu alifika na mvua nyuma yake, baada ya ukame. Ningemweleza babu kwamba huku kila mtu anafika na mvua nyuma yake, lakini acha.

Nimekwenda High Park mara mbili. Ni shamba tulivu, nyumba kubwa, miti mirefu. Mapadre waliobaki wengi ni wazee sasa. Wanaojiunga na shirika siku hizi wengi ni vijana wa Afrika, na mmoja aliponisikia nikisema "shikamoo" kwa mazoea, alijibu "marahaba" kutoka upande wa pili wa ukumbi. Makaburi yako hapo, yamepangwa mistari, na kila mmoja ana jina lake la ubatizo na la ukoo. Kina Patrick, kina John, kina Michael. Hakuna aliyeandikwa kwa jina la mvua. Nilitembea mstari hadi mstari na mwavuli wangu uliopinduka, nikawasalimia wote kwa jumla, "Ejoka?", kama mtu aliyeingia kwenye mkutano amechelewa. Lakini babu hakunituma kwa wote.

Mzee mmoja wa pale amekubali kutazama nami picha za zamani za Turkana, ila anataka alama. Kwa hiyo likizo ya Aprili ukienda Lodwar, kaa na babu asubuhi, kabla jua halijamchosha, umuulize haya: padre alikuwa mrefu au mfupi, alikaa misheni gani kabla ya Lodwar, lori la kwanza lilikuwa rangi gani, na kile kidonda cha mkono alichokipata padre kwenye jeki pale Kainuk, ni mkono wa kulia au wa kushoto. Andika anavyosema yeye, usimrekebishe. Na mwambie kuna nyanya huku anauliza kama lori lilifika, ili naye apate wa kumjibu.

Karo nimetuma kwa mjomba Ijumaa, pamoja na ya viatu. Nunua vipya, usinunue vya mitumba halafu ubaki na chenji, nakujua. Picha ya Humewood nimeiweka ndani ya bahasha hii. Yule mbwa si wetu.

Mama yako